Usipime Unachokijua: Umeme na Nafasi katika Vitanzi vya Fezi vya Dijitali

Kila simu na kila kifaa cha Bluetooth kina kipande kidogo cha fuwele kinachotikisika mamilioni ya mara kwa sekunde. Tuseme milioni 40. Fuwele hiyo ina msimamo: joto likipanda au betri ikishuka, mwendo wake hubadilika kwa sehemu chache tu katika milioni. Lakini kwa mahitaji ya redio, mwendo huo ni wa polepole. Bluetooth inataka wimbi la gigahezi 2.4, yaani mara 60 ya fuwele. Kwa hiyo ndani ya chipu huwekwa osileta, saketi inayokwenda kasi inayotakiwa lakini haitulii, kisha hujengwa mtambo wa kuisimamia. Mtambo huo huilinganisha osileta na fuwele bila kukoma. Ukiona imetangulia huipunguza mwendo, ukiona imechelewa huiongeza. Huo ndio kitanzi cha fezi, na fezi hapa ni mahali ambapo wimbi limefika ndani ya mzunguko wake kwa wakati fulani.

Wazo hili ni la zamani. Mfaransa Henri de Bellescize alilieleza mwaka 1932 alipokuwa akitafuta njia bora ya kupokea matangazo ya redio. Leo hakuna chipu kubwa isiyo nalo, na nyingine zina vitanzi kadhaa: kimoja cha redio, kimoja cha kichakato, kimoja cha kumbukumbu, kimoja cha waya wa data. Kila kimoja kinakula umeme wakati wote kinapofanya kazi, na kila kimoja kimekalia kipande cha silikoni ambacho mtengenezaji amekilipia. Swali la jinsi ya kupunguza gharama hizo mbili limewashughulisha wahandisi wengi kwa zaidi ya miaka 20, na majibu yake ukiyasoma moja moja yanaonekana kama rundo la ujanja usio na uhusiano. Mimi naona uzi mmoja unaoyaunganisha. Sehemu kubwa ya umeme na nafasi hupotea katika kupima mambo ambayo kitanzi tayari kinayajua. Mbinu zilizofanikiwa ni zile zilizoacha kupima yanayojulikana na kubakiza kipimo cha yale yasiyojulikana tu.

Kwanza, kwa nini dijitali? Kitanzi cha analogi, kile kilichochambuliwa kwa kina na Floyd Gardner katika makala yake ya mwaka 1980 kuhusu pampu ya chaji, hutunza kumbukumbu yake ndani ya kapasita. Saketi inayolinganisha fezi husukuma chaji kidogo kidogo ndani ya kapasita, na volteji inayopatikana huongoza osileta. Ili kitanzi kitulie, kapasita hiyo lazima iwe kubwa, mara nyingi makumi ya pikofaradi au hata 100 na zaidi. Tupige hesabu. Kapasita iliyojengwa kwa transista hubeba takriban femtofaradi 10 kwa kila mikromita mraba, kwa hiyo pikofaradi 100 zinahitaji mikromita mraba 10,000. Tatizo ni kwamba katika teknolojia mpya tabaka la kuhami ni jembamba mno na chaji huvuja. Ukikimbilia kapasita ya nyaya za chuma, isiyovuja, ujazo unashuka hadi karibu femtofaradi 2, na eneo linapanda hadi mikromita mraba 50,000. Sasa angalia upande wa pili: geti dogo la mantiki katika teknolojia ya nanomita 65 huchukua takriban mikromita mraba moja na nusu. Chujio la dijitali lenye mageti 2,000 linakaa katika mikromita mraba 3,000 hivi. Tena mageti hayo yanasinyaa kila kizazi kipya cha teknolojia kinapofika, ilhali kapasita haisinyai.

Hoja hiyo ndiyo iliyowasukuma wahandisi wa Texas Instruments kule Dallas, wakiongozwa na Robert Bogdan Staszewski, kujenga redio ya Bluetooth ambayo kitanzi chake kizima kilizungumza kwa namba. Makala yao ilitoka mwaka 2004, kwa teknolojia ya nanomita 130, na mwaka uliofuata wakaonyesha kitanzi cha aina hiyo kwa simu za mkononi kwa nanomita 90. Katika muundo wao osileta haiongozwi kwa volteji inayopanda na kushuka polepole. Inaongozwa kwa neno la biti, na kila biti huunganisha au hutenganisha kapasita ndogo sana. Saketi iliyokuwa ikilinganisha fezi ikageuka kuwa kipima muda: mstari wa mageti geuzi, kila moja likichelewesha ishara kwa pikosekunde 20 au zaidi kidogo, ambao husoma umbali kati ya ukingo wa osileta na ukingo wa saa ya rejea, yaani fuwele.

Nafasi ya kapasita ikaokolewa. Lakini mzigo mwingine ukaingia mlangoni, nao ni umeme wa hicho kipima muda na wa hesabu zinazokizunguka. Kabla ya kuufikia mzigo huo, lazima tuizungumze osileta yenyewe, kwa sababu ndiyo inayoweka sakafu ambayo hakuna ujanja wa dijitali unaoweza kuivunja.

Osileta bora ya redio ina koili na kapasita. Nishati huenda na kurudi baina ya viwili hivyo, na transista huongeza kile kidogo kinachopotea kila mzunguko. Kelele ya joto ndani ya waya na transista huyumbisha ukingo wa wimbi, na njia ya uhakika ya kuishinda kelele hiyo ni kuongeza nishati inayozunguka. Sheria yake haina huruma: ukitaka mtetemo wa saa, yaani huko kuyumba kwa ukingo, upungue kwa nusu, lazima ulipe umeme mara nne. Ndiyo maana watafiti hutumia kipimo kimoja kinachochanganya mambo hayo mawili, kilichopendekezwa mwaka 2009 na Xiang Gao na wenzake wa Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi: chukua mraba wa mtetemo kwa sekunde, zidisha kwa miliwati, kisha geuza kuwa desibeli. Namba ikiwa hasi zaidi, kitanzi ni bora zaidi. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba hakimpi sifa mtu aliyepunguza umeme kwa kukubali mtetemo mkubwa, wala aliyepunguza mtetemo kwa kumwaga umeme.

Hapa umeme na nafasi vinagombana waziwazi, na mgombano huu hautajwi vya kutosha. Tuchukue koili ya nanohenri 4 yenye kipimo cha ubora, Q, cha 12, hali ya kawaida kwa koili iliyochorwa juu ya silikoni. Kwa gigahezi 2.4 inaonekana kama ukinzani wa takriban omu 720, na mkondo wa karibu nusu miliampea unatosha kuitikisa vizuri. Ukiamua kubana nafasi ukaweka koili ya nanohenri 1 yenye ubora uleule, ukinzani unashuka hadi omu 180, na kwa mtikisiko uleule unahitaji mkondo mara nne. Mtu anayeomba koili ndogo na umeme mdogo kwa pamoja anaomba vitu viwili visivyokaa chumba kimoja. Njia za kupunguza makali zipo. Andrea Mazzanti na Pietro Andreani walionyesha mwaka 2008 kwamba transista zikiruhusiwa kupitisha mkondo kwa vipindi vifupi tu, pale ambapo wimbi liko kwenye kilele chake, mkondo uleule unaleta mtikisiko mkubwa zaidi. Hilo ni pato halisi, lakini ni la desibeli chache.

Turudi sasa kwenye kipima muda, maana huko ndiko kwenye hadithi yenyewe.

Chaneli ya kwanza ya Bluetooth ya umeme mdogo iko kwenye megahezi 2,402. Kwa fuwele ya megahezi 40, osileta inatakiwa izunguke mara 60.05 katika kila mzunguko mmoja wa fuwele. Hiyo 0.05 ndiyo inayoleta taabu. Mzunguko mmoja wa osileta unachukua pikosekunde 416, kwa hiyo kila fuwele inapopiga, ukingo wa osileta unakuwa umesogea pikosekunde 20.8 kutoka ulipokuwa mara iliyopita. Pigo la pili ni 41.6, la tatu 62.4, na kuendelea hadi pigo la 20, ambapo unarudi mwanzo. Kipima muda cha mtindo wa 2004 kinalazimika kuwa tayari kuusoma ukingo popote ulipo ndani ya pikosekunde hizo 416. Kwa hatua za pikosekunde 20, hayo ni mageti 21 pamoja na flipflopu zake, saketi ndogo zinazoshika biti moja moja. Hatua hiyo ya 20 nayo ni pana: ukitumia kanuni ya kawaida ya kelele ya kukadiria, inakupa sakafu ya takriban desibeli 97 chini ya wimbi kwa kila hezi moja ya upana. Ukitaka kuishusha kwa desibeli 12 unahitaji hatua za pikosekunde 5, ambazo geti moja la teknolojia hiyo haliwezi kuzitoa, na mstari wenye hatua zaidi ya 80.

Umeme wake je? Tukadirie kwamba kila hatua, pamoja na waya na flipflopu inayoning'inia hapo, ina femtofaradi 5, na volteji ni 1.2. Kila geti linapogeuka mara bilioni 2.4 kwa sekunde hutumia mikrowati 17. Mageti 21 yanakula mikrowati 360 na ushei. Kwa kifaa cha betri ndogo, hicho ni kiasi kikubwa, na kinaliwa na saketi ambayo kazi yake ni kusoma namba mara milioni 40 tu kwa sekunde. Katika kila mageuko 60, 59 hayana msomaji.

Dawa ya kwanza inaonekana papo hapo: zuia ishara ya osileta isiingie kwenye mstari isipokuwa pale fuwele inapokaribia kupiga. Wahandisi wa taasisi ya utafiti ya imec, katika mkutano wa saketi wa ISSCC wa mwaka 2014, walionyesha kitanzi cha gigahezi 2.1 hadi 2.7 kilichotumia mikrowati 860 kikiwa na kipima muda cha namna hiyo, kinachochukua picha moja ya ukingo unaohitajika kisha kinanyamaza. Katika hesabu yetu, kupitisha ukingo mmoja badala ya 60 kunateremsha mikrowati 360 hadi 6.

Dawa ya pili ni ya ndani zaidi. Yale mapigo 20.8, 41.6, 62.4 hayakupimwa na mtu. Niliyapata kwa kalamu, kutokana na namba ya chaneli peke yake. Kama mimi nimeweza kuyajua bila kuitazama osileta, kitanzi nacho kinayajua. Kwa nini basi kijenge rula ndefu ya kusoma jambo lililoandikwa tayari kwenye rejista zake? Mtu anayejua boti kutoka Unguja itafika Dar saa ngapi hakai gatini tangu alfajiri. Anakwenda saa ileile, na swali lake ni moja tu, imewahi au imechelewa.

Hivyo ndivyo walivyofanya watafiti wa Politecnico di Milano, wakiwemo Davide Tasca, Salvatore Levantino, Carlo Samori na Andrea Lacaita, katika kitanzi walichokichapisha mwaka 2011. Waliweka kicheleweshaji kinachoongozwa kwa namba, kikafuta usogeaji unaotabirika kabla haujafika kwenye kipimo. Baada ya kufutwa, kingo mbili zinapaswa kukutana. Kinachobaki kati yao ni kelele tupu, na kelele hiyo haihitaji rula. Flipflopu moja yenye jibu la biti moja, mapema au kuchelewa, inatosha. Kitanzi chao kilifunika gigahezi 2.9 hadi 4.0 kwa teknolojia ya nanomita 65, kikatumia miliwati 4.5, na mtetemo wake haukuzidi femtosekunde 560. Katika muda huo mwanga wenyewe unasafiri chini ya sehemu mbili za kumi za milimita. Ukiweka namba hizo kwenye kipimo cha Twente unapata desibeli hasi 238 na nusu, na kwa vitanzi vinavyozidisha kwa namba yenye desimali, kama ile 60.05, hayo yalikuwa mapatano bora ya mtetemo na umeme wakati huo.

Lipo jambo moja hapa linalonivutia kila nikilisoma upya. Kipimo cha biti moja kwa kawaida ni kibaya, kwa kuwa kinasema ndiyo au hapana bila kusema kiasi. Lakini kelele ya saa inapousogeza ukingo huku na huku kwa sehemu ya pikosekunde, wastani wa zile ndiyo na hapana unaanza kubeba kiasi. Ukingo ukichelewa kidogo, ndiyo zinazidi kidogo. Ukichelewa sana, zinazidi sana. Kelele ambayo mhandisi amekuwa akipigana nayo ndiyo inayoipa flipflopu moja uwezo wa kufanya kazi ya mstari mzima wa mageti.

Kicheleweshaji nacho kina madai yake. Ili kifute pikosekunde 20.8 lazima kijue ni namba gani inayoleta ucheleweshaji huo, na namba hiyo hubadilika kwa joto na kwa kila chipu. Ufumbuzi ulitoka kwenye kanuni ya kujifunza ya Bernard Widrow na Ted Hoff wa Stanford ya mwaka 1960. Zidisha jibu la flipflopu, chanya moja au hasi moja, kwa kile ulichotabiri. Jumlisha matokeo polepole. Kama utabiri na kosa vina uhusiano, jumla itasogea hadi uhusiano huo uishe. Kwa saketi, hicho ni kijumlishi na rejista. Mageti mia chache yanayopiga kwa megahezi 40 yanasahihisha udhaifu wa saketi ya analogi ambayo ingehitaji mkondo mkubwa na transista pana ili iwe sahihi tangu mwanzo. Kasoro isiyosahihishwa hivyo ni kupinda kwa kicheleweshaji, pale ambapo namba maradufu haileti ucheleweshaji maradufu kamili. Mpindo huo unajirudia kila mapigo 20 na kuzaa wimbi dogo la pembeni. Katika kitanzi cha Milano, hali mbaya kabisa ilifikia desibeli 42 chini ya wimbi kuu. Kazi nyingi zilizofuata zilihusu kunyoosha mpindo huo. Kikundi cha Kenichi Okada cha Tokyo kilionyesha mwaka 2018 kitanzi cha miliwati 0.98 chenye kicheleweshaji cha biti 10 kinachotunza mteremko uleule wa volteji kwa kila namba, na kwa kipimo cha Twente kitanzi hicho kilifika desibeli hasi 246.

Mwaka uliofuata kikundi hichohicho kikashuka hadi mikrowati 265. Ni vema kuona walipunguza wapi. Kitanzi kinachosoma fezi moja kwa moja kutoka kwenye osileta hakijui kama kiko kwenye mzunguko wa 60 au wa 61. Kinaona ukingo tu. Kwa hiyo kinahitaji msaidizi anayehesabu mizunguko mizima, na msaidizi huyo anakimbia kwa gigahezi zote 2.4. Lakini kitanzi kikishatulia, idadi ya mizunguko mizima haibadiliki tena. Wakamfanya msaidizi huyo awe analala na kuamka kwa vipindi, kuangalia tu kwamba mambo yako sawa. Ni kanuni ileile ya kutorudia kuhesabu jambo lililokwisha kujulikana.

Yaliyobaki upande wa umeme ni ya kawaida kwa yeyote anayebuni saketi za dijitali, na sitayakalia. Volteji ikishuka kutoka 1.2 hadi 0.6, nishati ya kila mgeuko inashuka hadi robo, ingawa mageti yanakuwa mazito na uvujaji unachukua nafasi kubwa zaidi ya bili. Vizidishi vya chujio vikichaguliwa kuwa vipeo vya mbili, kuzidisha kunakuwa kusogeza biti tu, na saketi ya kuzidisha haihitajiki. Biti za ziada zisizosikika kwenye mtetemo zikatwe. Sehemu isiyo na kazi izimiwe saa. Haya yote yanafaa, lakini yanagusa mageti yanayopiga kwa megahezi 40, na mageti hayo si mlaji mkuu.

Eneo ni shauri lingine. Koili ya gigahezi 2.4 yenye upande wa mikromita 250 inakalia milimita mraba 0.0625, na teknolojia ikitoka nanomita 65 hadi 5 koili hiyo itabaki vilevile, kwa sababu ukubwa wake unatokana na sheria za sumaku na haujali upana wa transista. Kwa saa ya kichakato, ambayo haina masharti makali ya redio, ni afadhali kuiacha koili kabisa na kutumia pete ya mageti: mageti geuzi ya idadi isiyo shufwa yaliyounganishwa mkia kwa kichwa, ambayo hayawezi kutulia na hivyo hutikisika. Pete ni ndogo mno. Udhaifu wake ni kelele, kwa sababu haitunzi nishati. Kila mzunguko huijaza upya na kuimwaga yote. Kwa umeme uleule, pete huwa na kelele zaidi ya osileta ya koili kwa desibeli 20 au zaidi.

Kinachoiokoa pete ni kusafishwa mara kwa mara. Kosa la pete hujilimbikiza mzunguko baada ya mzunguko. Ukichukua ukingo safi wa fuwele ukauingiza ndani ya pete badala ya ukingo wake uliochafuka, malimbikizo yanafutika na hesabu inaanza upya. Wei Deng na wenzake wa kikundi cha Okada walitumia njia hiyo mwaka 2014 katika kitanzi ambacho chote kilipangwa na programu ileile inayopanga mageti ya kawaida, bila mtu kuchora transista kwa mkono. Kilikaa katika milimita mraba 0.0066, kikatumia mikrowati 780, na mtetemo wake ulikuwa pikosekunde 1.7. Vitanzi tisa vya namna hiyo vingeenea ndani ya ile koili moja ya hesabu yetu. Kipimo chake ni desibeli hasi 236 na nusu, desibeli mbili tu nyuma ya kitanzi cha Milano. Hatuwezi kuvilinganisha moja kwa moja, kwa kuwa cha Tokyo kilizidisha kwa namba nzima tu na hakikuwa na taabu ya 0.05. Hata hivyo kimethibitisha kwamba kwa kazi nyingi koili ni anasa.

Hapa nina lawama, na ni lawama kwa utamaduni mzima wa fani hii. Namba zinazochapishwa kwa kawaida hazihesabu kila kitu. Pete ya mageti huyumba mara tu volteji inapoyumba, kwa hiyo ndani ya chipu halisi inahitaji kidhibiti cha volteji cha peke yake na kapasita za kutuliza, na viwili hivyo vinaweza kuchukua eneo kubwa kuliko kitanzi chenyewe. Osileta ya fuwele nayo huachwa nje ya jedwali mara nyingi, pamoja na muda wa kusahihisha vicheleweshaji baada ya kuwasha. Mtu anayechagua muundo kwa kutazama safu ya mikrowati na safu ya milimita mraba peke yake atajenga kitu tofauti na alichokisoma. Swali la kuuliza kwanza ni hili: kidhibiti cha volteji kiko wapi, na nani analipa bili yake?

Katika kifaa cha betri kuna akiba nyingine inayozidi zote nilizozitaja, nayo ni usingizi. Betri ya sarafu ya aina ya CR2032 hubeba takriban miliampea-saa 225 kwa volti 3. Kitanzi cha miliwati 4.5 kikiachwa macho muda wote kingeimaliza kwa saa 150, chini ya wiki. Cha mikrowati 265 kingekwenda siku 106. Hakuna kati ya hivyo kinachotosha kwa kihisi cha shambani kinachotakiwa kudumu miaka. Kinachotosha ni kuamka, kutuma, na kulala tena, na hapo gharama inahamia kwenye muda wa kuamka. Kitanzi cha analogi kikizimwa, kapasita yake huvuja na kumbukumbu hupotea. Lazima kitafute masafa upya. Cha dijitali huandika neno la mwisho la osileta kwenye rejista, na kikiamka huanzia hapo, kikiwa na kosa dogo la kurekebisha kutokana na joto lililobadilika. Baada ya hapo mwenye kuchelewesha ni fuwele yenyewe, ambayo mara nyingi huhitaji mamia ya mikrosekunde hadi milisekunde nzima kabla ya kutulia, wakati kitanzi kinasubiri kikiwa tayari. Anayetaka kuongeza maisha ya betri ya kifaa cha namna hii leo aangalie huko kabla ya kunyofoa mikrowati 50 nyingine kwenye kipima muda.

Somo hili halihitaji tena ruhusa ya kampuni kubwa ili kulifanyia kazi. Tangu mwaka 2020, Google na kiwanda cha SkyWater cha Marekani walipotoa wazi kanuni za teknolojia ya nanomita 130, mtu yeyote mwenye kompyuta na intaneti anaweza kubuni chipu bila kusaini mkataba wa siri. Fremu ya Caravel ya kampuni ya Efabless, iliyotumiwa katika safari nyingi za kutengeneza chipu za wazi, ina kitanzi kidogo cha dijitali ndani yake, na kampuni hiyo ilipofunga mwaka 2025 faili zake zilibaki wazi. Kitanzi hicho ni pete ya hatua 13, yenye biti 26 za kurekebisha mwendo, zote zikiwa mageti ya kawaida. Kidhibiti chake huhesabu mizunguko ya pete ndani ya kipindi cha saa ya rejea, hulinganisha na namba inayotakiwa, kisha huongeza au hupunguza hatua moja. Hakina kicheleweshaji, hakina kujifunza, na mtetemo wake ni mkubwa. Faili zake za Verilog, lugha ya kuelezea saketi, ni fupi, mwanafunzi anaweza kuzimaliza kwa jioni moja.

Kenya ina kiwanda cha Semiconductor Technologies Limited ndani ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kule Nyeri, na vyuo vyetu vya uhandisi, Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, vinafundisha nadharia ya udhibiti ambayo kitanzi hiki ni mfano wake hai. Kwa walimu wa somo hilo nina ombi moja. Wapeni wanafunzi faili hizo, waambieni wabadilishe kidhibiti ili baada ya kutulia kihesabu mizunguko mizima kwa vipindi tu, kisha wapime katika uigaji ni mikrowati ngapi zimeokolewa. Zana zote za kufanya hivyo ni za bure.